Nimefutiwa madeni mahakamani Marekani, nitakopesheka tena lini?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio. Mwaka 2021 nilinunua kichwa cha lori na trela kwa mkopo. Mwaka uliofuata mizigo ikashuka bei na dizeli ikapanda, nikajikuta nalipia lori kwa kadi za mkopo mpaka nikakwama. Machi 2025 nilifungua kesi ya ufilisi ya Sura ya 7, na Julai 2025 mahakama ikatoa amri ya kunifutia madeni. Sasa nimeajiriwa, naendesha lori la kampuni. Nimeambiwa jina langu litakuwa chafu miaka 10. Gari la nyumbani naendelea kulilipia kila mwezi lakini alama zangu za mikopo hazipandi. Kuna jamaa wa WhatsApp anasema kwa dola 1,500 atafuta rekodi yote na kunipa namba mpya. Nataka nyumba, na Mungu akipenda nirudi kwenye lori langu mwenyewe. Nacheza mchezo (upatu) wa dola 400 kwa mwezi na Watanzania wenzangu, je, hauhesabiki? Kuna rafiki yangu wa Minneapolis alinikopesha dola 9,000, nazo mahakama imezifuta, lakini roho haijatulia. Riba siipendi. Nina kiwanja Tanga alichoniachia marehemu baba, je, naweza kukiweka dhamana? Na haya yote hayataniharibia uraia, au kumleta mama?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa yaliyokukuta, na poleni wote mlioingia kwenye malori wakati bei ya mzigo iko juu. Dizeli ilipopita dola 5 kwa galoni katikati ya 2022 huku madalali wa mizigo wakishusha bei kila wiki, waliobebwa na maji hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa na rejesho lisiloshuka na kipato kinachoshuka.

Nianze na hiyo miaka 10, maana inakutisha bure. Ni muda ambao kampuni za taarifa za mikopo zinaruhusiwa kuonyesha kwamba uliwahi kufilisika. Unahesabiwa tangu siku uliyofungua kesi, hivyo kwako rekodi itaondoka Machi 2035. Si muda wa kuzuiwa kukopa. Hakuna sheria inayomkataza mtu aliyefutiwa madeni kukopa kesho yake, na wapo watakaokukopesha hata leo jioni, ingawa wengi wao ni wale ambao ningependa uwakwepe. Mkopeshaji wa maana atakayefungua faili lako mwaka 2027 au 2028 ataona ufilisi wa 2025, kisha atajiuliza: tangu hapo bwana huyu amefanya nini? Kazi yako ni kuliandaa jibu la swali hilo kuanzia mwezi huu. Ukijifungia miaka 10 ukidhani unatumikia adhabu, utafika 2035 na faili tupu, na mwenye faili tupu naye hakopesheki kirahisi.

Lakini kabla ya mikopo, tuzungumze kiwanja. Umekitaja kwa kupita tu, na ndicho kilichonishtua kuliko yote uliyoandika. Je, ulikiorodhesha kwenye kesi? Fomu za ufilisi zinataka mali zote ulizonazo popote duniani, hata sehemu yako ya shamba la familia ambalo bado halijagawanywa. Wenzetu wengi hawaandiki, na mara nyingi si kwa hila. Wanadhani mali ya nyumbani haiwahusu Wamarekani, au hati bado ina jina la baba kwa hiyo wanaona si yao. Mahakama haioni hivyo. Mali isiyotajwa hubaki kuwa mali ya kesi hata baada ya kesi kufungwa, na kesi inaweza kufunguliwa upya. Ikithibitika mtu alificha kwa makusudi, amri ya kufutiwa madeni inaweza kutenguliwa, na kuficha huko ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5. Halafu kuna kanuni ya urithi ambayo watu wengi hawaijui: kama mzee alifariki ndani ya siku 180 baada ya wewe kufungua kesi, haki yako ya urithi inaingia kwenye kesi hiyo, hata kama siku ulipojaza fomu mzee alikuwa hai na mwenye afya.

Kama kiwanja kiliandikwa, na mfilisi, yaani msimamizi wa mali za kesi, akakiona na kukiacha, ni chako na hakuna neno. Kama hakikuandikwa, mpigie wakili wako wiki hii, kabla hujazungumza na benki yoyote habari za dhamana. Anayejitokeza mwenyewe kurekebisha fomu husikilizwa tofauti kabisa na anayegunduliwa. Kuhusu dhamana yenyewe, benki ya Ohio haitapokea kiwanja cha Tanga kwa sababu haina namna ya kukikamata. Benki ya Tanzania inaweza kukipokea, na nayo haitaiona rekodi yako ya Marekani, kwa kuwa Tanzania ina kampuni zake za taarifa za mikopo chini ya Benki Kuu. Lakini sikushauri. Umetoka kwenye deni lililokula lori, usilifungulie jingine mlango wa kula urithi.

Sasa faili. Ingia AnnualCreditReport.com, tovuti iliyowekwa kisheria kwa kazi hiyo, uchukue taarifa zako zote tatu: ya Equifax, ya Experian na ya TransUnion. Ni bure, na unaweza kuzichukua kila wiki. Zichapishe. Weka pembeni ile orodha ya wadai uliyowasilisha mahakamani, upitie mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Kila deni lililofutwa linapaswa kuonyesha salio la sifuri na maelezo kwamba liliingia kwenye ufilisi. Mara nyingi utakuta moja au mawili hayako hivyo: kadi ya zamani bado inasoma kwamba unadaiwa dola elfu kadhaa, au mkopeshaji wa lori, baada ya kulichukua na kuliuza kwa bei ya kutupa, bado ameandika ile tofauti kama deni lililochelewa. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Programu inayokokotoa alama haijui habari ya lori lako. Inachoona ni mtu anayedaiwa leo na halipi leo.

Kosa ukilipata, andika barua kwa kampuni husika ya taarifa na nyingine kwa mdai, ambatanisha nakala ya amri ya Julai na ukurasa wa orodha wenye jina la mdai huyo, na utume kwa rejesta ili ubaki na risiti. Kampuni ya taarifa ina siku 30 za kuchunguza, ambazo katika mazingira machache hufika 45. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwenye CFPB, wakala wa serikali wa kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Mtu akikupigia simu kudai deni lililofutwa, usilipe hata dola 5 za kumtuliza na usiahidi chochote. Chukua jina lake na la kampuni yake, mtumie nakala ya amri, na umweleze wakili, kwa sababu kudai deni hilo ni kuvunja amri ya mahakama. Madeni ya namna hii huuzwa kwa bei ya chini kutoka kampuni moja hadi nyingine, na anayekupigia huenda hata hajui kwamba lilishafutwa.

Karatasi moja zaidi usiitupe: fomu 1099-C. Mdai akikutumia hiyo, anaiambia mamlaka ya kodi kwamba umesamehewa kiasi fulani, na deni lililosamehewa kwa kawaida huhesabiwa kama kipato. Lililofutwa na mahakama ya ufilisi halihesabiwi, ila ni lazima uwaambie hivyo kwa fomu 982 unapowasilisha ritani. Ukinyamaza, utaletewa bili ya kodi kwa pesa ambazo hukuzipata.

Gari la nyumbani. Nahisi hukusaini mkataba wa kuthibitisha upya deni la gari wakati kesi ikiendelea, na ndiyo maana alama hazipandi. Bila mkataba huo, wajibu wako binafsi wa deni ulifutwa pamoja na mengine, lakini haki ya mkopeshaji juu ya gari ilibaki. Ukiacha kulipa analichukua, na ukilipa kwa kawaida unabaki nalo, ila hana sababu ya kuripoti malipo yako, na wengi hawaripoti. Mkataba ule husainiwa kabla ya amri kutolewa, kwa hiyo mlango huo umeshafungwa. Usisikitike sana. Leo lori jingine likikugonga ukashindwa kazi, unaweza kurudisha gari na hakuna atakayekufuata kwa salio. Ulinzi huo ni bora kuliko alama chache. Tunza tu taarifa za benki zinazoonyesha kila malipo yametoka kwa wakati, maana anayekagua maombi ya nyumba anaweza kuzisoma hata kama kompyuta haizioni.

Yule jamaa wa WhatsApp, achana naye leo. Ufilisi ulioandikwa kwa usahihi hauwezi kuondolewa mapema na mtu yeyote, awe wakili au mtaalamu wa kompyuta. Wanachofanya wengine ni kumwaga barua za malalamiko ya uongo. Mstari unaweza kupotea wiki chache wakati unachunguzwa, yeye anakutumia picha ya skrini, unalipa, kisha mstari unarudi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inakataza kampuni za kurekebisha mikopo kudai malipo kabla ya kazi kukamilika, na inakupa siku 3 za kazi kuvunja mkataba. Kwa hiyo anayetaka dola 1,500 mkononi kwanza ameshavunja sheria kabla hajaanza.

Na hiyo "namba mpya" ndiyo sumu yenyewe. Wanaiita CPN, wanakwambia ni halali na ya siri. Hakuna wakala wowote wa serikali unaoitoa. Mara nyingi ni namba ya usalama wa jamii ya mtu mwingine, pengine mtoto mdogo au marehemu. Ukiijaza kwenye ombi la mkopo umedanganya taasisi ya fedha, na hilo ni kosa la jinai la shirikisho. Kwa raia wa kuzaliwa ni kifungo. Kwa mtu mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) kama wewe ni kifungo na pengine ndege ya kurudi. Tafadhali, ukimwona anaizungusha kwenye makundi ya wenzetu, sema kwa sauti.

Njia halali ya kuanza ni ndogo na haina ujanja: kadi ya mkopo yenye amana. Unaweka dola 200 au 300 zako mwenyewe, zinashikiliwa kama dhamana, na kikomo cha kadi kinakuwa kiasi hicho hicho. Itafute kwanza kwenye vyama vya akiba na mikopo vya Columbus, vile vinavyofanana na saccos zetu, kwa kuwa ada zao huwa nafuu na wako tayari kuzungumza na mtu. Ila usiende kwenye chama au benki iliyopoteza pesa katika kesi yako, wana kumbukumbu ndefu. Uliza maswali mawili kabla ya kusaini: mnaripoti kwa kampuni zote tatu? Na baada ya muda gani mnaweza kunirudishia amana na kuniachia kadi ya kawaida?

Matumizi yake nayaeleza kwa hesabu, maana hapa ndipo watu waaminifu wanapojiumiza. Chukua kadi ya kikomo cha dola 300. Mwezi huu umejaza mafuta mara mbili, dola 60 kila mara, ukanunua vyakula vya dola 120. Jumla 240. Bili inafungwa tarehe 18, unalipa yote tarehe 30, huna deni na hujalipa riba. Umefanya vizuri, sivyo? Lakini kilichoripotiwa ni picha ya tarehe 18: mtu aliyetumia asilimia 80 ya kikomo chake. Kwenye alama za mikopo za FICO, zinazotumiwa na wakopeshaji wengi na zinazokwenda kutoka 300 hadi 850, kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30, na sehemu kubwa ya hapo ni uwiano huo. Sasa fanya hivi: tarehe 15 lipa 220. Tarehe 18 itaonekana 20 tu, chini ya asilimia 7. Tarehe 30 unamalizia 20. Pesa ni zile zile, picha ni nyingine. Au iache kadi ibebe bili moja tu ya simu ya dola 25, uipange ijilipe yenyewe, na uisahau kwenye droo.

Uzito mkubwa zaidi, asilimia 35, uko kwenye kulipa kwa wakati. Baada ya ufilisi, kuchelewa siku 30 kwenye kadi mpya ni msumari mbaya kuliko ufilisi wenyewe, kwa sababu unamjibu yule mkaguzi swali lake vibaya. Alama za FICO huhitaji akaunti yenye umri wa miezi 6 angalau, basi usitazame kila wiki. Na usifungue kadi tatu kwa pupa. Kila ombi huacha kumbukumbu inayoonekana miaka 2. Moja sasa, ya pili baada ya mwaka kama kuna haja.

Umesema riba huipendi, na ninakuheshimu kwa hilo. Kwa upande wa pesa jibu liko wazi: ukilipa salio lote la bili kabla ya tarehe yake, riba ni sifuri, na sheria inakupa siku zisizopungua 21 tangu bili kutumwa. Mkataba, hata hivyo, una kifungu cha riba kwa atakayechelewa, na kukubali kifungu hicho wanazuoni wana maneno yao. Muulize shekhe unayemwamini. Akikwambia usiguse kadi, bado una njia. Kuna shirika la San Francisco liitwalo Mission Asset Fund ambalo limechukua mchezo kama huu mnaoucheza, likauandika kama mkopo usio na riba, na kila mchango wa mwezi unaripotiwa kwa kampuni za taarifa. Lina washirika katika majimbo mengine. Mchezo wenu wa kawaida, hata mkiucheza miaka 20 bila mtu kuchelewa, hakuna kompyuta inayouona. Usiuache kwa sababu hiyo. Zamu yako ikifika, hizo pesa ziingie kwenye akiba moja kwa moja.

Na akiba ndiyo ninayoitaka kuliko kadi. Ukitazama nyuma, lori halikukuangusha siku bei iliposhuka. Lilikuangusha siku ulipotoa kadi kulipia rejesho kwa sababu benki hakukuwa na kitu. Sheria haitakupa tena ufutaji wa Sura ya 7 mpaka miaka 8 ipite tangu ulipofungua kesi ya kwanza, yaani Machi 2033. Mpaka hapo unatembea bila ngao hiyo, na ngao ya kutegemea ni dola zako mwenyewe. Mwezi mmoja wa matumizi uwe pembeni kabla ya kadi. Miezi 3 kabla ya mkopo wowote wa gari. Miezi 6 kabla ya kufikiria lori. Katika matumizi hayo hesabu na pesa unazotuma nyumbani. Wengi huzichukulia kama jambo la dharura ilhali zinatoka kila mwezi.

Nakwambia hivi kwa sababu barua zimeshaanza kuja, au zitakuja. Orodha za waliofutiwa madeni ni za wazi, na wauzaji wanajua huwezi kufilisika tena karibuni, hivyo wewe ni mteja mzuri. Kadi ya kikomo cha dola 300 inaruhusiwa kukukata ada hadi asilimia 25 ya kikomo mwaka wa kwanza, yaani dola 75 zimeondoka hujanunua hata maji. Wauza magari wenye bango la "hatuangalii mikopo" hukopesha wenyewe kwa riba ya juu sana, na baadhi hufunga kifaa cha kuzima gari ukichelewa. Gari ulilonalo linatembea. Liendelee.

Nyumba. Tarehe za kuandika ukutani ni hizi. Mikopo ya nyumba yenye bima ya serikali ya FHA hufunguka miaka 2 tangu amri ya kufutiwa madeni, kwako Julai 2027. Mikopo ya kawaida inayofuata kanuni za Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, huhitaji miaka 4, Julai 2029. Angalia kwamba huku hesabu inaanza kwenye amri, tofauti na ile miaka 10. Kwa FHA, mwenye alama 580 kwenda juu hutanguliza asilimia 3.5, mwenye 500 hadi 579 hutanguliza asilimia 10. Kwa nyumba ya dola 220,000 hiyo ni tofauti ya dola 7,700 na dola 22,000, na wakopeshaji wengi hujiwekea kiwango cha juu kuliko 580. Katika alama zako tatu, wanachukua ya katikati. Hata asiyetaka kukopa kabisa hajafungiwa, kwani FHA inakubali mtu aliyeamua kutokopa tena na inaweza kupima kwa kodi ya nyumba na bili za umeme. Ila zithibitike. Kama unamlipa mwenye nyumba taslimu mkononi, kama wengi wetu tunavyofanya tunapoishi na wenzetu, badilisha mwezi huu: hundi au benki kwa benki, tarehe ile ile. Miezi 12 ya ushahidi huo ina thamani kubwa. Kampuni za ununuzi wa nyumba bila riba, kama Guidance Residential, zipo, nazo hukagua historia yako kama wengine.

Hapa ndipo nyumba na lori vinapogongana, na lazima uchague kipi kitangulie. Mkopeshaji wa nyumba akikuona umeajiriwa, anasoma mshahara wako kwenye fomu ya W-2. Ukijiajiri, kwa kawaida anataka ritani za miaka 2 na anahesabu faida iliyobaki baada ya makato. Mwenye lori anayekata dizeli, matairi, posho za safari na uchakavu anaweza kuingiza dola 180,000 na kuonekana kwenye ritani kama mtu wa dola 35,000. Ukinunua lori mwaka 2027, saa ya nyumba inaanza upya. Maoni yangu ni nyumba kwanza, ukiwa bado mwajiriwa.

Na lori likifika wakati wake, usilipate kwa mpango wa kukodi-hadi-umiliki wa kampuni ya usafirishaji. Ni mipango inayowavutia mno waliofilisika kwa sababu haiangalii mikopo. Kampuni inakupa lori, inakupangia mizigo, inakata rejesho kwenye malipo yako, na siku ikikunyima mizigo unashindwa rejesho, lori linarudi kwao na anapewa mwingine. Kikosi kazi cha ukodishaji wa malori kilichokuwa chini ya FMCSA, wakala wa Marekani wa usalama wa malori, kiliripoti kwa Bunge Januari 2025 na kupendekeza mipango hiyo ipigwe marufuku. Bora usubiri, utangulize pesa nyingi, ununue kichwa kilichotumika kwa mkopo mdogo.

Rafiki wa Minneapolis. Hili si swali la alama, lakini nimelisoma mara mbili. Sheria ya ufilisi inasema wazi kwamba hakuna kinachomzuia mtu kulipa kwa hiari deni lililofutwa. Yeye haruhusiwi kukudai. Wewe unaruhusiwa kulipa. Basi mpigie simu, usimwandikie, na umwambie nia yako. Usitaje kiasi kikubwa kwa ajili ya kujisafisha siku hiyo. Dola 150 kila mwezi zisizokosekana ni miaka 5 kamili, na mtu huyo atapokea kila moja kama heshima. Anza baada ya ule mwezi mmoja wa akiba kutimia, na usikope mahali ili umlipe. Hata mkiandikiana karatasi, mahakamani haitalifufua deni, kwa hiyo ahadi iko kati yako na yeye na Mola wako.

Jamaa watakaokuomba uwadhamini kwenye mikopo ya magari, wakatae kwa upole mpaka 2033. Deni lao likiandikwa kwenye faili lako ni lako.

Uraia: kufungua kesi ya ufilisi ni haki ya kisheria, na fomu ya N-400 haiulizi habari hiyo. Inauliza kodi na matunzo ya watoto, na hayo mawili ufilisi kwa kawaida hauyafuti, basi yawe safi. Kabla ya kuapa, zungumza pia na wakili wa nyumbani, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima na kubadili uraia kunaweza kugusa haki zako za ardhi.

Mama naye hajazuiwa. Ukishakuwa raia ndipo unaweza kumwombea, kwa sababu mwenye green card hawezi kumwombea mzazi. Fomu ya udhamini, I-864, inatazama kipato: angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu utakaowatunza, mama akiwamo. Mshahara wako wa sasa wa udereva, ukiwa na W-2 na ritani iliyowasilishwa, ndio watakaousoma.